Kabla hujatuita: maswali kuhusu bustani ya mimea ya asili isiyokunywa maji mengi

Sisi ni wabunifu wa bustani wa Iringa mjini, na mara kwa mara tunafika Mafinga, Njombe na Mbeya. Maswali haya tumeyatoa kwenye simu tunazopigiwa. Mengine tunayajibu kila wiki, mengine tuliulizwa mara moja tu lakini yalituumiza kichwa.

Mvua imeshaanza. Mbunifu anaweza kuja wiki hii?

Anaweza, ila umechelewa. Desemba kila kiwanja kinapendeza, hata kile chenye udongo wa tofali. Mimi napenda kuona uwanja wa mtu Agosti, wakati hakujanyesha tangu Aprili na vumbi liko mpaka dirishani. Hapo kiwanja hakifichi kitu. Unaona upepo unapita wapi, maji ya bafuni yanaishia wapi (daima kuna kipande kimoja cha majani mabichi nyuma ya choo ambacho mwenye nyumba hajui kinanyweshwa na nani), na mti wa mlingoti wa jirani umekausha kipande gani upande wa kwako.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, inakata Aprili, halafu miezi sita au saba ya ukavu. Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu: tunakutana Julai au Agosti, mchoro unakamilika Septemba, Oktoba tunachimba mitaro na mashimo, na miche inaingia mvua ikishatulia. Nasema ikishatulia kwa sababu mvua za kwanza za Novemba ni waongo. Inapiga siku nne, watu wanapanda, halafu jua linarudi wiki mbili. Sisi tunachomeka panga ardhini. Likitoka na udongo mbichi mpaka karibu na mpini, tunapanda. Likitoka na vumbi nchani, miche inabaki kivulini hata kama mteja amekasirika.

Ukitupigia Januari bado tunaweza kuwahi. Machi nitakushauri usubiri. Mwaka mmoja nilikubali kupanda mwishoni mwa Aprili kwa sababu mteja alikuwa na harusi ya binti yake nyumbani. Picha za harusi zilitoka vizuri. Kufikia Septemba zaidi ya nusu ya miche ilikuwa kuni, na lawama ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyejua.

Nina kijana anayenitunzia bustani. Kwa nini nimlipe mbunifu tena?

Kwa sababu ni kazi mbili. Mbunifu anaamua maji yatoke wapi yaende wapi, njia ipite wapi, mti gani ukae upande gani ili baada ya miaka kumi usivunje bomba la majitaka. Kijana wako ndiye atakayeishi na maamuzi hayo kila siku. Tukimaliza kuchora, mtu wa kwanza tunayemfundisha ni yeye, na tunaomba awepo siku ya kwanza, asitumwe sokoni.

Nina sababu. Kihesa tulimpandia mama mmoja Gladiolus dalenii, ua la porini lenye rangi ya chungwa na njano, kama mistari mitatu kando ya njia. Ua hili kiangazi majani yake hukauka kabisa, kitunguu kinalala chini kikisubiri mvua. Hatukumwambia kijana. Agosti akamfuata kwa furaha: "Mama, nimekusafishia yale makavu yote." Alikuwa ameyang'oa na vitunguu vyake, ameyachoma pamoja na takataka. Hakuwa na kosa hata kidogo.

Nitajuaje kama mbunifu anajua kazi yake?

Sikiliza anachouliza kwanza. Akianza na maua unayopenda kabla hajauliza bili yako ya maji, tanki lako ni la lita ngapi na mgao ukoje mtaani kwenu, mpe chai umuage. Akikwambia mimea ya asili haihitaji kumwagiliwa kabisa, hiyo nayo si kweli, na jibu lake liko chini.

Kuhusu vyeti: Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu mandhari kwa ngazi ya shahada, na bodi ya AQRB ndiyo inayosajili wabunifu majengo pamoja na fani zinazowazunguka, hii ikiwemo. Kwa hoteli, shule au ofisi kubwa, dai mtu aliyesajiliwa. Kwa uwanja wa nyumbani nimeona watu wa kilimo cha bustani kutoka SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wakifanya kazi nzuri sana, na nimeona mafundi wasio na cheti wanaoijua miti ya huku kuliko sisi sote. Omba kuona bustani aliyoitengeneza miaka mitatu iliyopita. Ya mwezi uliopita haikuambii kitu. Na uende kuiona Septemba.

"Mimea ya asili" ni ipi hasa? Si ndiyo magugu tunayoyafyeka?

Baadhi ndiyo, samahani. Mmea wa asili ni ule uliokuwa hapa kabla mtu hajauleta. Ukitumia kipimo hicho, vingi tunavyoviona vya kwetu vinaondoka: jakaranda na bugenvilia zilitoka Amerika ya Kusini, milingoti Australia, misindano ya Mufindi asili yake Meksiko. Si kwamba tunaichukia. Bugenvilia ikishashika inavumilia kiu kuliko mimea mingi, na kama unayo getini tutaiacha. Mlingoti ndani ya kiwanja cha nyumba, hapana.

Lakini neno "asili" peke yake halitoshi. Swali ni asili ya wapi. Uwanda wa Kitulo, ambao wengi wanauita Bustani ya Mungu, una maua yanayowatoa watu Ulaya kuja kuyaona, na ni mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na baridi. Ipogolo, huku Iringa mjini, ni mahali pengine kabisa. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilipanda Kniphofia, yale maua kama mienge ya moto, kwenye mteremko wa mawe Iringa mjini kwa kuwa nilisoma ni ya Nyanda za Juu Kusini. Ni kweli ni ya huku, ila hupenda sehemu zenye unyevu. Yaliishi mpaka Juni.

Kwa Iringa tunaangalia vichaka na misitu ya miombo iliyo jirani. Mkusu, msada, mbula ambayo wengine mnaiita msaula, mivengi kwenye sehemu zenye unyevu. Ndiyo, ni ile miti ya matunda uliyokuwa ukiikwea ukitoka shule. Wateja wengi hawaamini kwamba mbunifu anaweza kuiweka mbele ya nyumba. Mkusu uliokatwa matawi ya chini ukabaki na shina lake jeusi na majani mapana yanayong'aa ni mti mzuri kuliko mwashoki wowote, na unakupa makusu.

Kiangazi si itakuwa imekauka, imekaa vibaya?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linalotutofautisha na wenzetu, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Septemba bustani yako itakuwa na rangi ya kahawia. Nasema mapema ili usije kunipigia simu. Lakini kahawia si kitu kimoja. Kuna nyasi ndefu zilizokauka zikawa za dhahabu, upepo ukipita jioni zinalala na kuinuka. Kuna shubiri, ambazo nyingi hutoa maua katikati ya ukavu, mekundu na ya chungwa, wakati hakuna ua lingine mtaani. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wanazifuata. Ukiwa na shubiri kumi na mbili pamoja, hutahitaji kengele ya kukuamsha. Kuna Erythrina abyssinica, mti ambao kila kabila lina jina lake: unapukutisha majani yote halafu unawaka maua mekundu kwenye matawi matupu.

Na kuna jambo ambalo watu wa huku wameliona tangu utotoni bila kulitaja. Miombo haingoji mvua. Septemba na Oktoba, wakati ardhi ni ngumu kama sakafu, miti inachipua majani mapya ya rangi ya shaba na damu ya mzee, kisha yanageuka kijani mvua ikiwa bado haijadondoka hata tone. Mizizi inachota unyevu wa chini sana. Ukipanga uwanja wako ukiwa na miti miwili mitatu ya namna hiyo mahali unapokaa jioni, ule mwezi mbaya kuliko yote unakuwa mwezi wa kukaribisha wageni.

Mtu anayetaka kijani kibichi mwezi Septemba na maua ya bluu, atapata, lakini si kwetu, na ajiandae kulipia.

Nitaokoa maji kiasi gani?

Tupige hesabu. Nyasi za mita za mraba 200, ukizipa milimita 4 kwa siku ili zibaki kijani wakati wa jua, zinakunywa lita 800. Hizo ni ndoo 40 za lita 20, kila siku. Kwa mwezi ni yuniti 24, na kiangazi chetu ni miezi sita au zaidi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako.

Sasa chukua miche 30 ya miti na vichaka vya asili kwenye kiangazi chake cha kwanza. Tunaipa lita 20 kila mmoja, mara moja kwa wiki. Jumla lita 600. Yaani wiki nzima ya miche haifikii siku moja ya nyasi. Kiangazi cha pili tunapunguza iwe kila wiki mbili. Cha tatu mingi tunaiacha ijitegemee, isipokuwa ile tunayoiona imeinamisha majani asubuhi. Jioni kila mmea unainama, usihangaike nao. Asubuhi ndiyo dalili.

Tanki la maji ya mvua linatosha?

Linasaidia, halitoshi. Iringa mjini tunapata milimita 600 hadi 700 na kitu kwa mwaka. Bati lenye eneo la mita za mraba 150, tukitoa kinachopotea, linakusanya zaidi ya lita 70,000 kwa milimita 600. Tanki la lita 5,000 linajazwa na mvua kubwa mbili. Yaliyobaki yote yanamwagika, yanachimba korongo getini, yanaenda kwa jirani.

Tanki kubwa kuliko yote unalo tayari, ni udongo. Ndiyo maana Oktoba tunachimba kabla ya kupanda: mitaro mifupi inayofuata kontua (usawa mmoja wa mteremko), mashimo mapana chini ya kila mche, na maji yanayofurika kwenye tanki yanaelekezwa humo badala ya barabarani. Hatujavumbua kitu. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa vizazi na vizazi wakichimba ngoro, mashimo yenye kingo zilizofukiwa nyasi, ili mvua izame pale pale ilipoangukia. Sisi tunafanya kwa udogo na kwa mapambo.

Juu ya udongo tunaweka matandazo: nyasi kavu, majani, maganda ya mbao kutoka Mafinga. Yaache wazi shibiri moja kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapanda.

Kwa hiyo hakuna nyasi kabisa?

Watoto wanahitaji pa kuchezea, na msiba ukitokea watu wanahitaji pa kukaa. Tunabakiza kipande kimoja cha ukoka, mahali panapotumika kweli, na tunauacha ulale kiangazi. Ukoka ni wa Afrika, unajua kulala. Mvua ikinyesha siku tatu unaamka. Pasipalamu pale mbele ambako hakuna anayekanyaga isipokuwa mkata nyasi, tunaing'oa.

Miche mnaitoa wapi? Mnachimba porini?

Hapana, na ukimpata mbunifu anayefanya hivyo mwache. Kuchimba mmea kwenye msitu wa hifadhi bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ni kosa, na ndani ya Kitulo hata kuchuma ua huruhusiwi. Eneo lile lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na miongoni mwa mambo yaliyosukuma jambo hilo ni watu kuchimba viazi vya okidi kwa ajili ya chikanda inayoliwa Zambia. Tunanunua kwenye vitalu, tunaotesha mbegu wenyewe, na pale mwenye shamba anaposafisha ili ajenge tunaomba tuhamishe kinachohamishika.

Uoteshaji una vituko vyake. Mbegu za mkusu hazikai: ukila tunda leo, otesha wiki hii. Na ukizipanda kwenye udongo safi wa dukani zinadumaa, kwa sababu mizizi yake huishi na kuvu (fangasi) fulani wa ardhini. Tunachota ndoo ya udongo chini ya mkusu mkubwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, tunachanganya kwenye viriba, hapo ndipo zinakwenda. Mninga nao unatisha watu. Kila kiangazi, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, shina linakauka lote mpaka chini, mteja anadai fedha yake, kumbe mzizi unaendelea kunenepa na mvua ikija unachipua upya. Tukikupandia mninga tunaandika kwenye kibao: USING'OE.

Uwe mwangalifu na miche ya barabarani. Muuzaji mmoja aliniuzia "mivengi" ishirini. Ilikuwa mizambarau ya kawaida. Nilipomrudia akaniambia, "Kaka, si zote zinazaa nyeusi?"

Mbeya na Njombe mnafanya vile vile?

Hapana. Mbeya mjini mvua ni nyingi kuliko Iringa na kuna sehemu zenye udongo wa mawe mepesi ya volkano, maji yanapita kama kwenye chujio, kwa hiyo mboji inaongezeka. Njombe na Makete tatizo la Juni mpaka Agosti ni sakitu, umande ulioganda. Shubiri zenye majani manene laini zinaungua zikawa kama ndizi iliyooza, tunazisogeza karibu na ukuta unaopata jua. Makambako ni upepo: tunaanza na kizuizi cha vichaka, mengine baadaye. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukiwa Tukuyu kazi yetu ni kuyatoa maji, na kwa kweli fundi mzuri wa mitaro atakufaa zaidi yetu.

Kiwanja changu kimejaa mawe. Niyapasue kwanza?

Tafadhali usiyapasue! Mji huu una Gangilonga, jiwe linaloongea, na watu wanapanda pale jioni kupiga picha, kisha wanarudi nyumbani kuchoma moto mawe yao wapate kokoto. Jiwe kubwa linatiririsha mvua kwenye kingo zake, pembeni pana unyevu zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya uwanja. Hapo ndipo tunapopanda vile vyenye kiu.

Nyoka je?

Nyoka anafuata panya, na panya anafuata mabaki ya chakula na mbao zilizorundikwa. Tunaacha ukanda wa kokoto wa mita moja na nusu kuzunguka nyumba, hakuna kinachopandwa hapo, na nyasi ndefu zinakaa mbali na mlango. Wenye watoto wadogo watuambie mapema: mbegu nyekundu za Erythrina zina sumu na zinavutia, mzizi wa Gloriosa ni sumu kali, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali.

Naruhusiwa kuchimba kisima, au kuvuta maji mtoni?

Kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Bonde la Rufiji ofisi yake iko Iringa, la Ziwa Rukwa iko Mbeya, la Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Kwa walio kando ya Ruaha Mdogo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo hatutachora gazebo huko hata ukituonyesha ya jirani. Mto huu unaingia Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sina la kuongeza.

Bei?

Niliwahi kuweka bei, nikagombana na watu wawili ndani ya mwezi mmoja, mmoja kiwanja chake kilikuwa mteremko mtupu na mwingine tambarare. Kinachopandisha gharama ni mawe na siku za mafundi. Miche ni sehemu ndogo, hasa kwa sababu tunapanda midogo. Mche wa sentimita 40 unauwahi ule wa mita mbili ndani ya miaka michache, maana mzizi wake haujajikunja kwenye kiriba. Ziara ya kwanza unailipia, na ukitupa kazi tunaikata kwenye jumla. Baada ya hapo malipo ni mara tatu: mchoro, kuchimba, na kupanda. Theluthi ya mwisho usitupe siku ya kupanda. Tupe nusu yake, nyingine baada ya kiangazi cha kwanza, tukihesabu pamoja iliyo hai. Mbunifu anayekataa sharti hilo anakuambia kitu.

Siku ya kwanza niandae nini?

Bili za maji za miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba. Ramani ya nyumba, hata ya penseli, inayoonyesha mabomba na shimo la choo. Ufunguo wa geti la nyuma. Na mama au baba anayeijua ardhi hiyo kabla haijapimwa viwanja, kama bado yupo, awepo. Mtwivila bibi mmoja alituonyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na kijito alipokuwa mdogo. Tulichimba nusu mita, Septemba, tukakuta udongo mbichi.